Muigizaji Aliyenifuata Shuleni

Kinyozi wa Kenyatta Market amenipaka mafuta ya nazi, nami nimeinamisha uso. Baba alifuta rangi za jukwaani kwa mafuta hayo hayo. Kwao Kerala aliigiza wafalme. Hapa Nairobi walimpa nafasi moja tu, Mhindi wa duka, mwenye Kiswahili cha kuchekesha.

Siku moja alinifuata shuleni akitoka mazoezini, shingo ikinukia mafuta.

"Huyo ni babako?" rafiki yangu akauliza.

"Zii. Ni wa duka la kwetu."

Baba alisikia. Akakunja mgongo, akatoa ile sauti ya jukwaani: "Wewe toto, mama yako nasema kuja nyumbani!"

Wenzangu wakavunjika mbavu. Nikacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.