Nilivyopaka vanishi mchoro wa Wawira siku mbili kabla ya maonyesho

Wakuu, heshima kwenu wote mlio humu. Hii story nimeibeba muda mrefu. Nitaieleza vile ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha. Mkinicheka, mnicheke polepole.

Mimi ni signwriter wa Nkubu, mchora mabango. Yule ng'ombe anayetabasamu kwa ukuta wa bucha, ni mimi nilimchora. Anatabasamu nini na yuko bucha, usiniulize, ndivyo wateja wanataka.

Miaka kadhaa imepita tangu tuanzishe group, wasanii wanne, tukapata chumba nyuma ya posho mill, pale watu husaga unga. Nia ilikuwa kuwashika mkono wasanii wachanga wa huku kwetu, Meru mpaka Embu, watu wenye kipaji lakini hawana mahali pa kuonyesha kazi. Mimi ndiye nilikuwa chairman.

Sasa, tulikuwa na tabia moja.

Kazi ya msanii mchanga ikikaribia kuonyeshwa, sisi wazee wa brashi tunaipitia. Unanyoosha mstari hapa, unaongeza rangi pale, mwisho vanishi. Tuliita kumalizia. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kumalizia. Hata sisi waliotufundisha walitumalizia hivyo hivyo, na tukasema asante.

Ndipo akaja Wawira kutoka Kiritiri. Miaka ishirini na kitu, haongei mengi. Babake, Mzee Njue, anauza makaa, na huyu dada alikuwa anachora na hayo hayo makaa ya babake, kwa karatasi ya manila.

Alikuwa amemchora huyo babake ameketi juu ya gunia, mikono imelala kwa magoti. Wakuu, mara ya kwanza kuiona nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa.

Lakini mzee alikuwa ametoa sharti. Atakuja kwa maonyesho yetu mara moja tu. Akikuta ni mchezo, Wawira anarudi naye siku hiyo hiyo, kuna kazi kwa agrovet ya shangazi yake, duka la mbegu na dawa za mifugo.

"Fundi, ile ya baba ndiyo nategemea," aliniambia akiangalia chini.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, kwa ukumbi wa shule moja huko Kaaga. Alhamisi mchana Wawira akatoka kwenda sokoni, nikabaki peke yangu na michoro. Nikagusa ile ya mzee, kidole kikatoka kimeshika vumbi jeusi. Nikajiambia, hii haijaisha, watu wataigusa ifutike yote.

Nikafungua mkebe wa vanishi. Nikaongeza thina kidogo iwe nyepesi. Nikapaka kutoka juu kushuka chini, vile napaka mabango yangu.

Ngai! Brashi ilipopita usoni, uso ukafuata brashi.

Rangi yetu ya mabango ikishakauka imeshika. Makaa hayajashika kitu, yamekaa tu juu ya karatasi. Mtu mzima, chairman, sikulijua hilo. Nikachukua kitambaa nijaribu kurekebisha, nikaondoka na jicho moja la mzee.

Mwenzangu Mutwiri akaingia akanikuta nimeketi sakafuni.

"Koome, umefanya nini?"

"Nilikuwa namalizia."

Akaangalia ile kitu. "Sema paa limevuja. Si jana kulinyesha?"

Na mimi, mtu wa kupanga viti kanisani kila Jumapili, nikakubali. Nikaifunika na gunia. Wawira aliporudi nikamwambia kazi zote zimefungwa tayari, asifungue zisiharibike. Akanishukuru. Wueh, ile asante ilinichoma.

Ijumaa sikula. Mke wangu akauliza kama ni malaria. Simu ikilia nashtuka, mtu akiita "Fundi" najificha. Nilikuwa namwona Wawira nyuma ya kaunta ya agrovet akipima chumvi ya ng'ombe mpaka uzee, na ni mimi nimemweka pale.

Jumamosi asubuhi tukiwa tunatundika, akanijia. "Ya baba iko wapi? Nataka kuiweka mwenyewe."

Nilifungua mdomo niseme paa. Paa likakataa kutoka.

"Wawira, ni mimi. Niliipaka vanishi."

Akatoa gunia. Akaangalia. Afadhali angenitukana.

"Ilikuwa imeisha," akasema. "Ilikuwa imeisha, Fundi. Mbona hukuniuliza?"



Mzee Njue akafika karibu saa sita, koti la kanisani, kofia mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke. Wawira hakumzungusha. "Baba, mchoro wako umeharibika. Keti hapo kwa benchi."

Akabandika manila mpya ukutani, akatoa makaa mfukoni, akaanza.

Saa nzima na zaidi. Watu wakaacha michoro mingine wakasimama nyuma yake. Mimi jasho linanitoka. Nikaona bega la kushoto kwa mchoro limeshuka sana, mkono ukaanza kuniwasha nilinyooshe. Nikaiweka mikono yote miwili mfukoni, nikaomba Mungu kimoyomoyo.

Alipoacha, mzee akainuka akasogea mpaka karibu.  Kumbe hata lile bega lake limeshuka hivyo, la kubeba magunia. Mimi ndiye sikuwa nimeliona.

"Kumbe nimezeeka hivi," akasema. Kisha akamgeukia bintiye. "Shangazi yako atafute mtu mwingine wa agrovet."

Wakuu, nilitoka nje nikalia kidogo. Sioni haya kusema.

Niliporudi mzee alikuwa anabandua mchoro aende nao nyumbani. Akaniuliza mimi kama chairman, "Na hii haipakwi kitu ishike?"

Nikamwonyesha Wawira kwa kidole. 

"Muulize mwenye kazi, mzee."

"Hapana, baba," Wawira akasema. "Itabidi uibebe polepole."

Mzee akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Makaa? Wewe ndiye utanifundisha kubeba makaa?"

Akailaza juu ya viganja viwili, akapita mlangoni kwa upande, asiguswe na mtu.

Tangu siku hiyo tuliacha kumalizia. Msanii akileta kazi tunamuuliza tu kama imeisha, na akisema imeisha tunaitundika. Ile niliyoiharibu Wawira aliniachia. Iko juu ya rafu yangu ya vanishi, na mzee ananiangalia na lile jicho moja lililobaki kila nikinyoosha mkono.

Nyinyi mnaoongoza vikundi, kuna mtu mliwahi kumsaidia mpaka mkamharibia? Semeni hapa chini, nisiwe peke yangu.