Mwongeli na Mashine ya Ngazini

Mimi sijui kukaa na jambo tumboni, kwa hivyo nitasema tu: ile mashine niliichukia tangu siku ya kwanza, na wala sikuwa naisikia.

Naitwa Wangu. Nauza miwani ya kusomea kwenye kabati la kioo, hapo juu ya ngazi za jengo letu, nyuma kidogo ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Nakaa mtaa wa Satellite, naamka na kuku, lakini hata niwahi vipi mjini nilikuwa namkuta Mwongeli tayari ameshika ufagio. Mwongeli ndiye msimamizi wa jengo. Funguo zote ni zake, vyoo ni vyake, na maji yakikatika ni yeye anayetukanwa. Mkamba wa Mwingi, mjane, anakaa Uthiru, mfupi, mwenye sauti inayofika ghorofa ya mwisho bila lifti. Watu humwita Mama Maureen, kwa binti yake mkubwa aliyeolewa Machakos. Mimi humwita Mwongeli, maana tumegombana vya kutosha.

Ukitaka kumjua huyu mama, anza na ngazi. Ngazi zetu ni pana, za mawe, zinatazama barabara, na vijana wa mji huu wamezipenda kuliko vitanda vyao. Wanakaa. Wengine wanangoja kazi, wengine wanangoja wenzao, wengine wanasimamisha simu pale na kucheza ngoma mbele yake, na wewe ukija na mzigo wako unaambiwa, "Mathe, zunguka kidogo, tunashuti." Ati nizunguke! Nizungukie wapi, hewani? Mwongeli aliwafukuza kwa ufagio, kwa maji ya sabuni, kwa Neno la Mungu. Wanainuka, wanacheka, wanarudi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alikuwa akisema, akijipangusa jasho kwa ncha ya leso.

Halafu kuna hili la jina, na bila hili hutaelewa kitu. Mwongeli ana mtoto wa kiume, kitinda mimba, anaitwa Nthiwa. Ni jina la babu yake, baba mzazi wa marehemu Kitavi, mume wa Mwongeli. Sasa, kwa Wakamba wa kina Mwongeli, mke hatamki jina la baba mkwe. Wao wanaiita nthoni. Ni haya, ni heshima. Mzee awe hai, awe amezikwa, jina lake halipiti mdomoni mwa mke wa mwanawe, hata kama sasa ni la mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe. Kwa hivyo tangu kijana akiwa mchanga alimwita Baba. Baba, njoo ule. Baba, umeoga? Hata kwenye simu yake amemwandika Baba. Siku moja karani wa hospitali alimuuliza mgonjwa anaitwa nani, naye akamgeukia Maureen amjibie.

Nilimcheka sana. "Mwongeli, umekaa Nairobi miaka yote hii na bado unaogopa mzee aliyelala kaburini Mwingi?"

Akanitazama vile mtu hutazama mlevi. "Wangu, kuna vitu mtu haachi."

Nthiwa alipomaliza kidato cha nne, mama alitaka aende chuo cha ualimu. Kijana akawa anasema ndiyo, ndiyo, kila asubuhi anatoka Uthiru amechana nywele vizuri. Kumbe! Mchana mmoja Mwongeli alitoka na ndoo yake ya sabuni kuwamwagia wacheza ngoma, na katikati yao, viatu vya kanisani miguuni, akamwona Baba wake anajinyonganyonga mbele ya simu.

Nilikuwepo. Ningependa kusema aliongea kwa upole, lakini uongo haunifai. "Toka!" alisema. "Sikukuzaa uwe takataka ya ngazi. Usinikanyagie hapa tena mpaka upate akili!" Wenzake wakacheka. Kijana aliokota koti lake, akateremka, na jioni Mwongeli alipofika Uthiru alikuta kitanda kimetandikwa na nguo hazipo. Simu yake haikuingia siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Hapo ndipo mwanamke alipopoteza utulivu. Anafagia, anaacha ufagio, anaenda mlangoni. Anapanda kufungulia watu maji, anashuka mbio na bomba liko wazi. Ananiuliza wakati, na saa iko mkononi mwake. Aliwauliza hata wale vijana wa ngazini, maadui zake wa kila siku, na hapo nikataka kucheka na kulia pamoja, kwa sababu aliwauliza hivi: "Mmemwona Baba?"

"Baba ya nani, mathe?"

"Baba wangu. Kijana."

Wakaangua kicheko. Mimi ndiye niliyewakemea na kuwatajia jina. Hakuna aliyemwona.

"Atakuja," akaniambia. "Uthiru hataki, lakini hapa anapajua. Siku moja atapanda hizi ngazi." Na kwa kweli alikuwa haishi kwa kitu kingine. Mtoto wake arudi, basi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nina wangu, Kui.

Mwenye jengo ni Mungai, mzee anayekaa Kitisuru kwenye miti mingi, mtu wa suti na fimbo. Asubuhi moja alituletea fundi na kisanduku cheupe, kidogo tu, kikafungwa juu ya mlango kikitazama ngazi. Swichi ikawekwa kwenye kachumba ka Mwongeli. Fundi akabonyeza. Sisi watu wazima tukasimama pale shingo juu, tunangoja. Kimya.

"Imewaka," fundi akasema.

"Sauti iko wapi?" Mungai akauliza, mkono nyuma ya sikio.

"Nyinyi hamtaisikia. Ni nyembamba sana, ni masikio ya vijana tu yanayoipata. Ukishakuwa mtu mzima hiyo inakupita."

Nikamnong'oneza Mwongeli, "Mwenye jengo ameuziwa kimya."

Kabla sijamaliza kucheka, kijana wa kwanza akashika sikio. "Nini hiyo inalia?" Wa pili akakunja uso. "Zima hiyo kitu!" Msichana mmoja akainuka bila hata kuokota chips zake. Ngazi zikawa tupu, na sisi tumesimama pale tukisikia magari tu. Wueh! Nilisisimka mwili. Wanafukuzwa kama panya ghalani, na anayewafukuza haoni haya kwa sababu hasikii anachofanya.

Mungai alifurahi mno. Kila Ijumaa alikuja, akasimama chini ya kisanduku, akatega sikio la miaka yake yote, na kutangaza, "Inafanya kazi vizuri!"

Mwongeli naye aliipenda. Asubuhi, hata kabla ya kuvua koti, anaiwasha. Nilimwambia Kui wangu ameacha kuniletea chai kwa sababu hiyo mashine inamtoboa kichwa, akasema Kui avumilie. Cate, msichana anayeuza kava za simu kwenye kibanda kilichopakana na changu, alikuwa anashinda na pamba masikioni. Alipolalamika, Mwongeli akamjibu, "Safisha masikio, mama." Nilimgombeza siku hiyo. Akanishika mkono, na macho yake hayakutulia, yalikuwa barabarani.

"Wangu, wewe hujaelewa. Hao ndio waliompoteza. Wakiondoka, njia itakuwa wazi. Siku atakayokuja, akute ngazi safi, asikute mtu wa kumcheka."

Nikarudi kwenye miwani yangu, nikapangusa ambazo hazikuwa na vumbi.

Basi siku moja mchana Cate alivuka barabara kununua smoki, zile soseji za barabarani. Alirudi bila smoki. Akasimama mbele ya Mwongeli, akatoa pamba sikio moja, akatoa la pili.

"Cate, una nini?"

"Mama Maureen, nimekutana na kijana wako. Hapo ng'ambo, kwa duka la viatu."

Ufagio ukaanguka. "Yuko mzima?"

"Yuko mzima. Ana begi mgongoni. Anaenda Mombasa leo, kuna jamaa amemwambia kuna kazi." Cate akaviringisha ile pamba vidoleni. "Amesema nikuambie amekusikia."

"Amenisikia nini? Mimi sijaongea naye! Simu haishiki!"

"Hii mashine, Mama." Cate akaonyesha juu kwa kidole. "Amekuja siku mingi. Anasimama pale ng'ambo anakuangalia ukifagia. Akijaribu kuvuka, akifika tu kwa ngazi ya kwanza, inamlilia. Leo ameniuliza ni nani huiwasha. Mimi sikujua, aki, nikamwambia ni wewe, kila asubuhi. Akavuta begi lake juu, akasema, basi mwambie nimemsikia, sikudhani angenichukia hadi aninunulie mashine."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiporomoka hivyo. Mwongeli alinyanyua macho kwenye kile kisanduku, akakitazama, mdomo wazi, akijilazimisha kusikia. Shingo ilimtoka mishipa.

"Inalia vipi?" akauliza. "Cate, niambie, inalia vipi?"

"Kama msumari unakwaruza sufuria, Mama. Na haikomi."

"Sasa hivi inalia?"

"Sasa hivi."

Aliokota ufagio akaugeuza mpini. Pigo la kwanza lilikosa, la pili likapata. Kisanduku kikang'oka ukutani kikaning'inia kwa waya, kikiyumba, bado kina taa ndogo nyekundu inayowaka. Hakungoja kuona. Aliteremka mbio, leso ikimfunguka kiunoni, mama wa umri wake, na mimi nyuma yake nimeacha kabati wazi kwa wezi wote wa Nairobi.

Tulimwona. Begi jeusi, lile koti, tayari yuko mbali upande ule wa barabara, anajichanganya na watu wanaoelekea stendi. Magari yamebanana, pikipiki zinapenya, huwezi kuvuka.

"Baba!" Mwongeli akaita. "Baba!"

Wueh, mji mzima una baba zake. Mzee wa magazeti akageuka. Askari wa kanjo akageuka. Mwanaume mwenye gunia la viazi akasimama akauliza, "Ni mimi?" Yule mmoja tu hakugeuka. Anatembea. Koti linaonekana, linapotea, linaonekana.

"Baba! Baba wangu!"

"Mwongeli," nikamwambia, "hivyo hatajua! Muite jina!"

Akatikisa kichwa. Alikuwa analia. Aliuma mdomo, akaweka mkono juu yake kama anayezuia kutapika, na koti likapotea tena. Nikafungua kinywa nimwitie mimi, potelea mbali. Akanisukuma kifuani. Akapanda juu ya ngazi zake, ngazi ya katikati kabisa walipokuwa wakichezea, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nthiwa!"

Ile sauti yake ya ghorofa ya mwisho.

"Nthiwa! Nthiwa wa Kitavi! Nthiwa-i!"

Koti likasimama. Nakuambia, lilisimama kana kwamba limeshikwa kola. Kijana hakugeuka mara moja. Alikaa vile, watu wakimgonga mabega, kwa sababu sauti aliijua na jina alilijua, ila hajawahi kuvisikia pamoja tangu azaliwe. Kisha akageuka.

Alivuka katikati ya magari bila kuangalia, nikawa natukana madereva kwa niaba yake. Amekonda. Amefika chini ya ngazi, akasita, mguu mmoja juu, kichwa ameinamisha upande mmoja vile kuku hufanya akisikia mwewe. Mwongeli hakumkimbilia. Aliogopa. Alisimama amekunja leso mikononi, anamtazama masikio, si uso.

"Mama," kijana akasema polepole, "umemtaja Babu kwa jina?"

"Nimemtaja. Atanisamehe." Akageuza macho kwenye kile kisanduku kinachoning'inia, kisha akamrudia mwanawe. Sauti yote ilikuwa imemwisha. "Baba, mimi siisikii. Niambie wewe. Bado inalia?"

Kijana akatega sikio. Nasi sote tukanyamaza, mimi, Cate, hata mzee wa magazeti, tukimngoja asikilize.

"Hapana, Mama," akasema. "Imenyamaza."

Cate akarudisha pamba masikioni, naye kijana akapanda.