Malineo Hapunguzi Redio Bure

"Gari langu, muziki wangu!" alifoka Ntate Khoarai, akapiga meza yangu hadi supu ikamwagika. "Abiria wanakimbilia magari ya wenzako kwa sababu unawazimia wimbo!"

"Siwazimii. Napunguza kwenye kona," alijibu Malineo, dereva wake.

"Si ndipo kodiani inapokolea!"

"Basi ikolee tukifika tambarare, ntate, mzee wangu."

Mimi nilikuwa nakaanga maandazi yangu. Banda langu lipo hapa stendi, na Malineo namjua tangu aliposhika usukani, mwaka aliomzika mumewe. Walimcheka: mwanamke, barabara ya milimani, na barafu ile? Akawapeleka, akawarudisha. Kule kona zimejikunja kama utumbo wa kondoo, humwoni anayekuja. Unapiga honi, wa upande wa pili anajibu. Kwa hiyo Malineo hutafuta stesheni gari likiwa limesimama, na kona ikikaribia humwambia abiria wa mbele, "Punguza." Mkono wake hautoki kwenye usukani.

Halafu Khoarai akanunua spika kubwa kama majeneza. Siku ya kuzijaribu nilikuwa na meno mawili. Sasa nichungulie mwenyewe mdomoni. Jogoo wa jirani mpaka leo anawika kwa mdundo. Usiponiamini, jogoo yupo, kamsikilize.

Malineo alinusa waya wa spika ukiungua. Akafungua boneti, akakuta fundi ameupeleka moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi. Akaukata palepale. Khoarai akampokonya funguo, waya ukaungwa tena, na asubuhi hii gari akapewa kijana Sekake.

"Sekake ataniletea gari limejaa pomoni," alisema Khoarai.

"Umeweka fyuzi?"

"Fyuzi, fyuzi! Unaimba wimbo mmoja tu!"

"Hauna besi, ndiyo maana huupendi."

Nilicheka, andazi likaungua. "Khoarai, mwanangu, wewe hata siku ya harusi yako hukusikia ulichoulizwa. Ulijibu tu."

"Bibi, kaanga!"

Malineo hakucheka. Alifunga blanketi lake vizuri begani. "Sikuja kukuomba msamaha, ntate. Gari nalitaka, watoto wanakula kwa gari hilo. Lakini fyuzi kwanza, na sauti naamua mimi. Hutaki, nitauza viazi."

"Kauze viazi!"

"Nitauza. Ila abiria wangu sitawapeleka nikiwa kiziwi."

Pazia la mlangoni likainuka. Akaingia Sekake, kwa miguu, theluji imemjaa mabegani, mkononi kashika kioo cha pembeni cha gari. Kioo chenyewe tu, gari hakuna.

"Abiria?" aliuliza Malineo.

"Wazima. Gari limeegemea mlima." Alikuwa anapaza sauti kama anayeongea ng'ambo ya mto. "Lori lilipiga honi. Wao wanasema lilipiga."



Malineo akanyoosha mkono kwa Sekake. "Funguo."