Dakika Kumi na Moja za Odalie Guidroz

Mkono wa kulia wa Odalie Guidroz hupanda mpaka usawa wa sikio la mteja, halafu unagoma. Kwa msusi aliyesimama nyuma ya kiti kilekile mjini Opelousas kwa miaka thelathini na moja, hiyo ni nusu ya kazi. Utosi anaufikia kwa mkono wa kushoto, au anamwomba mteja ajiteremshe kitini mpaka magoti yaguse ukuta. Wateja wa zamani wanateremka. Wapya hawarudi.

Oktoba iliyopita, akiwa amesimamisha gari kwenye taa nyekundu, lori la kusambaza vifurushi lilimgonga kwa nyuma. Msuli wa bega ulichanika. Daktari alisema ni upasuaji, tena mapema, maana msuli uliochanika husinyaa ukiachwa. Odalie hana bima ya afya. Anayepaswa kulipa ni bima ya lori, na hao hawamsikilizi mtu anayekuja peke yake. Ndipo alipopiga namba ya kwenye bango.

Bango lenyewe liko ng'ambo ya barabara, mkabala na saluni: wakili Dorsey Malvoisin, mikono kifuani, meno yote nje. "Huyu namwona kuliko mume wangu," Odalie huwaambia wateja. Ana kwa ana hajamwona hata siku moja. Mkataba uliletwa na karani, akausaini hapo saluni huku mteja akisubiri na dawa kichwani. Halipi kitu mpaka washinde. Wakishinda, theluthi ni ya ofisi, na kesi ikifika mahakamani, zaidi ya hapo. Karani alieleza yote bila kuficha. Akauliza pia kama ameshazungumza na watu wa bima.

"Hapana, mwanangu," Odalie alijibu, na hakujua kwamba anadanganya.

Baada ya hapo ikawa ni simu na Jolene, msichana wa ofisini.

"Bi Odalie, faili lako linashughulikiwa."

"Mpenzi, hata Januari lilikuwa linashughulikiwa. Ni faili au ni mchuzi, mbona mnalikoroga tu?"

"Usikose mazoezi ya bega, tafadhali. Ukikosa wiki mbili tu, bima watasema umepona."

Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi saluni ilifungwa mchana, akaenda kuvutwa mkono. Alichotaka kwa ofisi ya wakili kilikuwa barua moja. Daktari alikubali kumpasua na kungoja malipo mpaka kesi iishe, mradi wakili amdhamini kwa maandishi. Kila alipoiulizia, Jolene alisema wakili anaiangalia.

Mwezi wa Juni akaitwa aende mjini Lafayette, kwenye ofisi ya wakili. Aliyemkuta ofisini hakuwa mtu wa bango, bali wakili mwajiriwa wake, Corinne Fusilier, mwanamke mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisukuma karatasi mbili mezani.

"Bi Odalie, siku ya pili baada ya ajali ulizungumza na bima."

"Mimi? Na nani?"

"Bwana Pruett. Alikuomba ruhusa ya kurekodi, ukampa."

Odalie akamkumbuka. "Yule? Yule hatukuzungumza! Yule alipiga kunijulia hali!"

Maneno yaliyoandikwa pale yalikuwa yake, hakuna ubishi. Pruett alimuuliza yu hali gani, naye akajibu: "Niko vizuri kabisa, mpenzi, Mungu ni mwema. Na wewe? Mama yako hajambo?" Jibu jingine hakuwa nalo. Opelousas mtu anaweza kuwa kitandani na mpira puani, ukimsabahi atasema yuko vizuri na kuulizia watu wako. Mama yake Odalie alijibu hivyo asubuhi aliyofariki.

"Ndiyo maana sijaandika barua," Fusilier alisema. "Bima wanatoa pesa za gari na vidonge tu. Wanasema kwa kinywa chako ulikuwa mzima. Tukishindwa, daktari atanigeukia mimi."

"Haya mmeyapata lini?"

"Wiki sita zilizopita."

"Na wiki zote hizo simu zenu zilikufa?"

Fusilier akamsogezea karatasi karibu zaidi.

Odalie akavaa miwani, akasoma upya, taratibu, kidole kikifuata mistari. Kwenye ukurasa wa pili kikasimama. "Hapa wameandika 'kelele, haieleweki.' Hiyo kelele umeisikiliza?"

"Tuna maandishi, Bi Odalie."

"Sauti ipo?"

"Ipo."

"Iweke."

Wakakaa dakika kumi na moja. Pruett akacheka; Pruett akaeleza nyonga ya mama yake; Odalie akamfundisha kupika bamia. Dakika ya nane kitu kikaanguka kwa kishindo, na mwanamke akapiga yowe lililomfanya Fusilier aondoe mkono mezani. Kisha sauti ileile, ikihema: "Samahani, mpenzi, nimeangusha simu. Nilijisahau nikaishika kwa mkono wa kulia. Haya, ulisema mama anatembelea fimbo?" Pruett akaendelea na habari za fimbo.

Fusilier akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akavuta kibodi.

"Barua itatoka leo. Lakini sasa ni mahakamani. Mwaka na nusu, pengine zaidi, na asilimia yetu itapanda."

"Mkono je, utarudi wote?"

"Daktari mwenyewe hana hakika. Msuli umekaa sana bila tiba."

"Katika huko kukaa, wiki sita ni zako."

Alikataa barua itumwe kwa posta. Aliingoja kwenye kiti, akaisoma, akaibana kwapani, upande wa kushoto. Mlangoni msichana mmoja aliinua uso. Sauti ilikuwa ya Jolene.

"Bi Odalie! Hujambo leo?"

Jibu lilimjia lenyewe mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Bega linaniuma," alisema. "Tangu Oktoba."

Jolene akabaki na kalamu hewani, akitazama huku na huku kama mtu aliyesikia tusi kanisani.

"Na mama yako je?" Odalie akauliza, maana barua kuchelewa halikuwa kosa la mama yake Jolene.