Mama Ametumwa Glavu

Harufu ya javeli, ile dawa kali ya kuoshea sakafu, ikinipata popote, hata sokoni penye mama anayeosha meza yake ya samaki, hasira hunipanda kabla sijajua inatoka wapi. Nasimama pale, mtu mzima na kikapu changu mkononi, na ghafla nimerudi katika wodi ya watoto ya hospitali moja hapa Lubumbashi, msimu wa baridi, wakati vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno na watu wa mtaa wetu wa Katuba wanaota moto wa mbabula, yale majiko yetu ya makaa, kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Mama alikuwa amechemsha maji ya kunikogesha, maana nani atamwogesha mtoto kwa maji baridi mwezi wa saba? Nami nikapita mbio nikimkimbia kaka yangu, nikaipiga mbabula teke, sufuria ikanimwagikia kuanzia gotini hadi kwenye kifundo cha mguu. Hiyo ilikuwa ajali, na ajali sina kinyongo nayo. Nina kinyongo na yaliyofuata, kwa sababu hayo yalipangwa na watu wenye akili timamu.

Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na mtu wake, garde-malade tunavyomwita kwa Kifaransa chetu, na kusema kweli huyo ndiye nusu ya hospitali. Mama alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Alipika bukari, yaani ugali, uani pamoja na akina mama wengine, moshi ukiwaliza wote. Alimwaga choo changu, akafua mashuka yenye usaha kwa mikono mitupu, akakodolea macho chupa ya serumu iliyokuwa ikinidondokea mshipani, na ilipokwisha ni yeye aliyekwenda kumtafuta muuguzi, si muuguzi aliyekuja. Baba alikuwa fundi wa reli, mtu ambaye babu zake walishuka kutoka Kabalo, kaskazini mwa Katanga, kwa ajili ya kazi ya treni. Alikuja jioni, akasimama karibu na kitanda, kofia mkononi, hajui aseme nini. Kazi yote ilikuwa ya Mama. Alipokuwa akideki sakafu ya wodi hakuna aliyemwambia kwamba ana vijidudu. Vijidudu vyake viligunduliwa mahali pamoja tu, kwenye mlango wa chumba cha pansema.

Pansema ni kufungua bandeji, kuosha kidonda na kufunga bandeji nyingine. Aliyewahi kuungua anajua. Asiyejua nitamweleza, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bandeji hushikana na nyama, na kuibandua ni kuungua upya, ila safari hii unaungua polepole, na anayekuunguza anakuambia utulie. Siku ya kwanza alikuja muuguzi tuliyemwita Papa Donat, mtu mnene, mwenye sauti ya upole, kalamu mfukoni. Alimwambia mama yangu, akimwita kwa jina langu kama desturi yetu ilivyo, "Mama Mwadi, wende mbio ku pharmacie, ulete ma-gants. Bila gants hatuanze." Yaani akimbie duka la dawa kuleta glavu. Mama alikaza kitenge kiunoni, akanigusa shavu, akasema, "Niko narudia sasa hivi." Nikasikia kandambili zake zikikimbia kwenye korido. Hata hazijanyamaza, Papa Donat na mwenzake wakaninyanyua pamoja na shuka langu wakanipeleka chumbani. Mezani palikuwa na boksi la glavu, limefunguliwa. Akachomoa mbili, akavaa. Nilikuwa sijui kusoma vizuri, lakini macho nilikuwa nayo.

Sitaeleza nilivyolia. Mmoja alilala juu ya mapaja yangu kwa kifua chake, mwingine akafanya kazi. Niliita Mama mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Aliporudi, akihema, na glavu zake ndani ya karatasi, mimi nilikuwa tayari kitandani na bandeji nyeupe. Papa Donat akamwambia kwa upole ule ule kwamba zingine zimepatikana, azihifadhi hizo kwa mara ijayo. Mama akashukuru. Ndiyo, alishukuru, na mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyoinamisha kichwa kusema "merci, Papa" nataka kuvunja kitu. Mara ijayo ikafika, ikawa zile si saizi yake, alete nyingine. Mara iliyofuata zile ni za kawaida, zinatakiwa za upasuaji. Kila mara alikimbia. Kila mara alikuta kazi imekwisha.

Baadaye nimeelewa kwamba haukuwa ujanja wa Papa Donat peke yake. Ulikuwa utaratibu wao. Mama anayeambiwa "toka nje" huuliza kwa nini, hushika mlango, hulia, huchelewesha watu. Mama anayetumwa kitu cha mwanawe hukimbia mwenyewe. Hilo ndilo linalonichoma kuliko kidonda: walichukua mbio zake, zile mbio ambazo mzazi peke yake ndiye aliye nazo, wakazifanya kamba ya kumvutia nje. Eti ni kwa faida ya mtoto. Eti mtoto akimwona mama hulia zaidi. Kama kilio ndicho ugonjwa, basi wangeniziba mdomo tu wakasema nimepona.

Mtoto hufanya hesabu zake mwenyewe, na mimi nilizifanya. Nilimwuliza Mama swali moja, "Pharmacie iko mbali?" Akajibu bila kujua ninachotafuta, "Hapana, ni pale ku barrière." Getini tu. Kama si mbali, na yeye anakimbia, kwa nini hafiki? Foleni ya pale dirishani sikuijua. Nikajijibu kwamba anajua. Kwamba wamekubaliana. Kwamba hizo glavu ni neno lao wakubwa, likitamkwa yeye anakwenda zake ili mimi nishikwe. Tangu hapo nikawa simtazami. Akinipa uji nilifunga mdomo. Akiniacha na kijiko nikala mwenyewe, nimegeukia ukuta. Usiku, aliponyoosha mkono kutoka kwenye mkeka kunitafuta, nilivuta wangu ndani ya blanketi. Mama alidhani ni homa. Alimwambia Baba, "Mutoto amebadirika," na Baba akaangalia kofia yake.

Wodini tulikuwa watoto wengi wa moto na wa mafuta. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Fatuma, binti wa wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Maniema, mkono umefungwa mpaka begani, ulimi mkali kuliko wa mtu mzima. Yeye ndiye aliyeanzisha mchezo. Tulikuwa na mwanasesere wa vitambaa, tukamfunga bandeji chakavu, na mchezo wenyewe ukaitwa Gants. Mmoja alikuwa muuguzi, mmoja mshikaji, mmoja mama. Nafasi ya muuguzi ilipiganiwa. Nafasi ya mama hakuna aliyeitaka, kwa sababu mama hana kazi yoyote katika mchezo ule, kazi yake ni kutoka tu. Siku moja zamu ikaniangukia mimi. Fatuma akanituma gants, nikaondoka nikichechemea, nikajibanza nyuma ya mlango wa wodi, nikaziba masikio. Fatuma akalia kwa sauti ya mwanasesere, "Maman, kuya! Maman!" Nami nikajibu vile nilivyoamini kwamba mama hujibu akiwa huko aliko.

"Ngoja bamalize kwanza," nikasema.

Nilipogeuka, mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la uji. Hakunigombeza. Aliliweka bakuli chini, sakafuni, katikati ya njia ya watu, akakaa kando yake. Sikujua kwa nini machozi yanamtoka, maana nilidhani nimesema jambo ambalo yeye analijua tayari. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini hawakusema kwamba mwongo anaweza kumtanguliza mtu mwingine kwenye njia hiyo, na aibu ikamkuta huyo.

Asubuhi ya pansema, Papa Donat alikuja na sauti yake ya upole. "Mama Mwadi, wende ulete..." Mama hakumngoja amalize. Alifungua fundo la kitenge, akamwaga kitandani glavu zote alizowahi kutumwa, pakiti juu ya pakiti, nyingine karatasi imeshachakaa kwa kulaliwa. "Gants hizi hapa, Papa," akasema. "Za kawaida, za upasuaji, kubwa, ndogo. Chagula. Leo tunaingia na mutoto wangu." Papa Donat upole ukamtoka. Akasema mama hawaingii, mama huanguka, mama huleta microbes, mutoto akionaka mama yake analilaka sana. Mama akasema, "Alie. Anilalie hapa, alie." Basi akaitwa daktari, kijana mwenye koti safi, akasema maneno yake kwa Kifaransa bila kumtazama Mama usoni: atoke, au amchukue mtoto wake akamtibu nyumbani.

Mama aliutazama mguu wangu. Watu wanaopenda kusimulia ushindi wangetaka nikwambie kwamba alishinda. Hakushinda. Huwezi kumshinda mtu aliyeshika dawa za mwanao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wenye hospitali wanalijua hilo vizuri, ndipo wanapokubania. Lakini kabla hawajaninyanyua alipiga magoti, akaweka uso wake karibu na wangu, akaniambia mbele yao wote, "Mwadi, sikia. Leo habanitume kitu. Banafukuza miye. Niko hapa ku mulango, siende fasi ingine. Itauma. Uite, nitaitika."

Nikaita. Akaitika. Mlango ulikuwa wa mbao, umefungwa kwa ndani, na nyuma yake mama yangu alisema bila kupumzika: aliniitia ndugu zetu wa Kabalo mmoja mmoja kwa majina yao, nani amemzaa nani, nani alioa wapi, nani mkali, nani mchekeshaji. Mlinzi wa hospitali akaja kumtoa. Nikasikia kandambili zake zikiburutwa kidogo kisha zikirudi, na sauti ikapanda zaidi. Sitasema uongo kwamba maumivu yalipungua. Yalikuwa yale yale. Ila mchana ule nilifungua mdomo, nikala uji kutoka mkononi mwake mpaka bakuli likaisha, na jioni nikamwambia Fatuma kwamba mchezo wa Gants siuchezi tena. Akanicheka, akaniita mutoto wa maman. Nikakubali.

Papa Donat hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera. Ningepata nafuu kama angekuwa katili. Alifundishwa hivyo na aliyemtangulia, naye akamfundisha aliyemfuata, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtoto anaelewa nini anapomwona mama yake akikimbia kwenda upande mwingine. Msimu ule wa baridi ulikwisha, mvua ya kwanza ikatukuta nyumbani, mguu ukapona ukabaki na ngozi ya kung'aa. Hakuna aliyekuja kusema pole kwa lolote zaidi ya kuungua. Mama amezeeka sasa, na jambo hili halizungumzi. Siku moja tu, tukichambua mchicha, aliniambia ghafla, "Nilikuwa nakimbia kweli." Nikamwambia najua, Mama. Akaendelea kuchambua.

Leo mambo yamebadilika, tunaambiwa. Mwaka huu mwanangu aliteleza karibu na bwawa la kuogelea la hoteli ya Karavia, akapasuka kidevu, nikampeleka kliniki yenye vigae, yenye televisheni ya katuni ukutani. Glavu zimejaa, hakuna anayetumwa. Badala yake binti mmoja mwenye tabasamu na kucha safi akaniwekea mkono begani, akasema, "Maman, mutangoja mu couloir, hatutakawia." Tabasamu jipya, mlango ule ule. Nikamwambia kwenye korido siendi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mjinga, kwamba kuna damu, kuna sindano, kwamba wazazi wengi huanguka. Hasira ya miaka yote ile ikanipanda, na nilishangaa ilivyotoka kimya.

"Nikianguka," nikasema, "muniache pale chini. Mushone mutoto kwanza."

Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Nikakaa kwenye kile kitanda cha kushonea, nikampakata mwanangu, kichwa chake kwenye kifua changu, nikamwambia itauma, na ikauma. Alilia, naam, alilia kwa sauti kubwa kuliko ambavyo angelilia peke yake, wala sikumwambia anyamaze. Alining'ata kitenge. Binti alishona vizuri, nampa haki yake. Tulipotoka kwenye jua, kidevu kimefungwa, mwanangu alinishika shingo kwa mikono yote miwili, akasema kwa hasira juu ya yule binti, "Maman, ule tantine aliniumiza."

Nikamwambia, "Niliona."