Mwanamke Aliyeshika Ncha ya Uzi

Sikulazimishi uniamini. Mke wangu yuko hai, anauza ndizi sokoni hapa Same, na ukipita atakusalimia vizuri na kukuchagulia chane iliyoiva sawasawa. Ila ukimuuliza ana watoto wangapi, atanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Nataka kukueleza kule kunyamaza kumetoka wapi. Haya yalinipata mimi mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, tena mchana.

Nina duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi, na starehe yangu ni kupiga picha kwa simu. Sipigi harusi wala pasipoti. Tuna grupu la marafiki, na kila wiki mmoja wetu anatoa neno, kisha wote tunalitafuta katika mambo ya kila siku na kutuma picha. Kuna wiki tulipewa "mlango", nyingine "kivuli". Wiki hiyo neno lilikuwa "uzi".

Unadhani uzi ni rahisi kuupiga picha? Mmoja alituma cherehani ya shangazi yake. Mwingine alituma shanga za mama wa Kimasai, amezitunga nusu na nusu bado ziko kwenye kikopo. Mimi wiki ilikuwa inaisha na sina kitu.

Jumapili tulipanda milimani, Shighatini, kumsalimia mama mkwe, mimi na mke wangu Namkunda, kwa pikipiki. Binti yetu Faraja, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, tulimwacha kwa jirani, Mama Zuhura, kwa kuwa huko juu kulikuwa na baridi. Tulipokuwa tunateremka breki zilipata moto, nikasimama kwenye kona moja zipoe. Namkunda alikwenda ukingoni mwa barabara akawa anatazama bonde. Alivaa sweta ya kijani aliyofumiwa na mama yake, ndefu, inafika mapajani. Nikaona uzi umechomoka kwenye pindo. Upepo ulikuwa umeuinua na jua limeupiga, unang'aa. Alipouona akaushika, akainama aukate kwa meno.

"Usiukate," nikamwambia. "Simama hivyo hivyo."

"Baba Faraja na picha zako," akasema akicheka. Lakini akasimama.

Nilipiga picha moja tu. Kwenye kona ile hapakuwa na mtu mwingine. Hilo nakuapia.

Jioni niliituma kwenye grupu. Wakasifu. Kisha rafiki yangu mmoja akaandika: "Huyo mama hapo nyuma ni nani?" Nikaikuza picha. Juu ya ukuta wa udongo, pale mlima ulipokatwa kupisha barabara, nyuma ya mke wangu, alikaa mwanamke peku, amejifunga kanga mbili zilizopauka. Na ule uzi niliodhani unapeperushwa na upepo haukuwa unapeperuka. Ncha yake ilikuwa vidoleni mwake.

Nilishtuka, lakini si unajua mtu anavyojituliza? Nikasema ni mpita njia, sikumwona tu.

Kesho yake Namkunda aliniuliza tutakwenda lini kumwona mama. Nikamwambia tumetoka huko jana. Akatabasamu kama mtu anayetaniwa. Siku iliyofuata alisimama mbele ya pikipiki yetu akauliza ni ya nani. Kisha akasahau meza yake sokoni ilipo, mahali alipouzia miaka yote. Nikampeleka hospitali. Vipimo vyote vilikuwa safi. Daktari alisema huenda ni uchovu, apumzike. Wazee wa kanisa wakaja kuomba nyumbani. Alipiga magoti nao na kuitikia amina, na walipoondoka akaniuliza walikuwa wageni wa nani.

Basi usiku mmoja, usingizi umenikataa, nikaifungua ile picha. Sweta iliyokuwa inafika mapajani sasa iliishia kiunoni. Chini yake ilionekana sketi, na uzi ulikuwa umekwenda mrefu zaidi. Mapajani mwa yule mwanamke palikuwa na donge la uzi wa kijani, kubwa kama ngumi.

Nilikimbilia msumarini ilipotundikwa sweta yenyewe. Nzima, haina hata tundu. Asubuhi nikampigia yule rafiki nikamwambia anirudishie nakala yake. Akaniuliza kwa nini nimebadilisha picha, maana sweta si ilikuwa ndefu? Nikakaa chini mlangoni pa duka.

Niliacha kazi. Nikawa naamka na kuishika simu kabla sijamwangalia hata mke wangu. Kila siku mstari mmoja au miwili ya sweta inafumuka, na kila siku kuna jambo analipoteza. Alisahau kuwa baba yake amefariki, akalia upya nilipomwambia. Siku iliyofuata akasahau tena kuwa nilimwambia, nami sikurudia.

Asubuhi moja Faraja alikwenda kwake na chanuo ili asukwe kabla ya shule. Namkunda alimtazama kwa upole, akamshika kidevu.

"Mtoto mzuri wewe. Mama yako ni nani?"

Faraja hakulia. Alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye ningejua la kujibu.

Sasa ungefanya nini? Mimi nilichukua simu, nikafungua ile programu ya kurekebisha picha, nikaufuta uzi kwa kidole, kipande cha karibu na mkono wa yule mwanamke. Namkunda akadondoka palepale alipokuwa amesimama. Macho wazi, pumzi hakuna. Nikarudisha haraka kama ilivyokuwa, akavuta pumzi akikohoa. Nilielewa basi kwamba kwa simu sitamwokoa. Nikamwita Mama Zuhura akae nao, nikapanda pikipiki.

Nilifika kwenye kona mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Nikazima pikipiki, nikausikia mlio mdogo wa chuma kugongana na chuma. Yule mwanamke alikuwa amekaa palepale, anafuma kwa spoki mbili za baiskeli. Nguo aliyokuwa anaifuma ilikuwa sweta ndogo sana ya mtoto, ya kijani, imebakiza mkono mmoja. Donge kubwa la uzi lilikuwa kando yake, na kutoka kwenye donge uzi ulishuka na barabara kuelekea bondeni, umekazwa kama waya. Nikaugusa. Ulikuwa na joto la mwili. Niamini, nililijua lile joto. Nimelala nalo miaka.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Habari za huko chini?"

"Mbaya. Mke wangu anaisha."

"Wako ndiye wa kijani?" Hakuinua macho kwenye kazi yake. "Ulimwambia asiukate. Nikajua umeniachia mimi."

"Sikukuona, mama. Wallahi sikukuona."

"Hamnioni," akasema, si kwa hasira. "Gari zinapita, watu wamevaa makoti. Nilikuwa nanyoosha mkono."

Nilipiga magoti kwenye tope. Nikamwambia achukue uzi wa kwangu. Akanishika koti langu la nailoni, akalisugua kidogo, akaliachia. Nikamwambia nitamletea sufu kutoka Moshi, mablanketi, chochote. Akaendelea kufuma. Nikabaki na neno moja tu.

"Ana mtoto. Leo asubuhi amemuuliza mama yake ni nani."

Spoki zikasimama. "Huyo mtoto anasikia baridi?"

"Hasikii baridi. Ana mama asiyemjua."

Ukungu ukapita katikati yetu. Mwisho akauinua uzi uliounganisha donge na ile sweta ndogo, akaukata kwa meno, akafunga fundo, akaniwekea lile donge mikononi. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Nilianza kulia. Kisha nikaiona ile sweta ndogo.

"Na hiyo, mama. Hiyo nayo ni yeye."

Akaikumbatia kifuani. "Hii siwezi. Ameshaivaa."

Mimi ni mtu mpole, waulize wa hapa. Lakini nililiweka donge chini, nikamrukia yule mwanamke, nikaikamata sweta kwa mikono miwili nikavuta. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo, kina uzito wa mtoto mchanga, na nilipovuta kikakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtoto aliyepigwa na baridi kwa muda mrefu. Nikaachia. Sijui kama wewe ungeendelea kuvuta. Mimi nilifumba macho, mikono yangu ikaachia yenyewe, na nilipofumbua palikuwa na ukuta wa udongo tu na nyasi zilizolala kama mahali pa mtu kukaa.

Niliokota lile donge, nikapanda juu hadi Shighatini kumchukua mama mkwe, kwa sababu ndiye anayejua kufuma. Nilimweleza yote njiani akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki. Tulipoipita ile kona alifunika uso. Aliniambia zamani, kabla yeye hajaolewa, kuna mama alishuka kwa miguu kumpeleka mtoto hospitali kwenye mvua, na mtoto akamfia njiani kwa kukosa cha kumfunika.

Tulipofika nyumbani Namkunda alisimama kwa adabu, mikono nyuma.

"Shikamoo," akaniambia. Mke wangu. Alikuwa amerudi kuwa msichana wa shule, na maneno mengine yote alimwambia mama yake kwa Kigweno, lugha ya kwao huko juu, ambayo mimi, Mpare wa kusini, nasikia kidogo tu.

Mama mkwe hakuvua hata viatu. Alikaa akaanza kufuma kizibao kutoka kwenye lile donge, na Namkunda akakaa miguuni pake. Mistari ilipoongezeka, nikaona uso wake unakua. Akaanza kuchanganya Kiswahili. Akauliza matokeo yake ya mtihani. Akamlilia bibi yake. Palipokaribia kupambazuka akanitazama, akaona haya, akavuta kanga kichwani.

"Umeleta barua kwa baba?" akaniuliza. Barua ya posa. Niliruka kwa furaha, nikamwambia mama mkwe aongeze mwendo.

"Mwanangu," akasema, "uzi umekwisha."

Yule mwanamke alianza kufuma kwa uzi aliouvuta kwanza, yaani miaka ya karibuni. Harusi yetu imo mle. Kuzaliwa kwa Faraja kumo mle, na meno yake ya kwanza, na kila usiku alioamka kumnyonyesha. Vyote vinampa joto mtoto mwingine huko juu, na kuna siku, Mungu anisamehe, siwezi hata kumchukia.

Tulifunga ndoa mara ya pili, kimya kimya, maana hakukubali kulala chumba kimoja na mchumba. Ananipenda, nadhani. Anamlea Faraja vizuri, anamsuka, anampeleka shule, na majirani wanasema mbona hakuna tatizo. Ila nikimtolea picha za zamani, yeye na tumbo kubwa, yeye na kichanga, anazipitisha moja moja kwa heshima, kama mgeni aliyepewa albamu huku akisubiri chai. Anasema, "Mmependeza."

Nimejitoa kwenye lile grupu. Nimeipandia ile kona mara nyingi na mablanketi. Nayaacha pale, nikirudi nayakuta yamelowa, hakuna aliyeyagusa.

Wewe unayepiga picha kila siku, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujabonyeza, mtazame kwanza mtu wako kwa macho yako mwenyewe, na utazame nyuma yake. Ukiona uzi unaning'inia kwenye nguo yake, hata ungependeza vipi, mwache aukate.

Juzi Faraja aliniuliza kama mtu anaweza kuzaliwa na mama ambaye hakuwepo. Nilimwambia alikuwepo, mimi nilimwona. Akafikiri, kisha akaniambia basi nimweleze yote tangu mwanzo, nisiruke kitu, ili yeye akamweleze mama. Kila jioni tunakaa, mimi nasema na yeye anasikiliza. Namkunda akiwa anapika anatega sikio, halafu anauliza, "Ikawaje?"