Mpira wa Waipa

Dereva wa lori lililotoka Kisii ndiye aliyeniletea habari dukani kwangu Keroka, asubuhi, kabla sijamaliza kufungua milango. Mama amefariki alfajiri. Watamzika baada ya swala ya adhuhuri, kwenye makaburi yetu ya Waislamu mjini. Lori lake lilikuwa linaelekea Kericho, kwa hiyo nilibaki na Mungu na gari langu kuukuu.

Nilikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Kuingia kaburini na kumpokea mama mikononi ilikuwa kazi yangu, na sikutaka mwanamume mwingine aifanye.

Nilipovuka mto wa kwanza gari likaanza kutetemeka. Nikikanyaga mafuta, linakwenda. Nikiinua mguu kwa ajili ya kona au ng'ombe, injini inatikisika kama mgonjwa wa malaria, kisha inazima. Nashuka kwenye matope, nazungusha hendeli, napanda, linazima tena. Mikono ilipokwisha nguvu nilipiga boneti kwa ngumi, nikalia kwa hasira.

Nikaamua kutafuta ugonjwa. Niliibana akselereta kwa jiwe, nikachomoa waya za plagi moja moja. Kila nilipochomoa moja, injini ilizidi kudhoofika, maana yake plagi zote zilikuwa nzima. Mtu mwenye akili angetulia hapo akafikiri. Mimi niliivamia kabureta, nikaifungua yote kando ya barabara, nikapuliza vitundu vyake kwa mdomo, nikaangusha skrubu kwenye nyasi na kuitafuta kwa magoti. Haraka haraka haina baraka, husema watu ambao mama zao hawasubiriwi na kaburi. Nilipomaliza kuifunga, jua lilikuwa utosini, na injini ikatetemeka vilevile.

Mama mmoja wa Kigusii alikuwa akivuna mahindi shambani hapo juu. Aliteremka na kikapu chake, akasimama kando yangu.

"Mwanangu, hii gari yako inavuta pumzi vibaya," alisema. "Sikia hapo chini. Kama mtu wa pumu."

Niliinama. Ni kweli, kulikuwa na mluzi mwembamba. Niliufuata kwa kidole mpaka kwenye kishina cha mpira kilichobaki ubavuni mwa injini, nikakiziba kwa dole gumba. Injini ikatulia papo hapo.

Nilijiona mpumbavu mkubwa. Waipa za gari lile, za kufuta mvua kwenye kioo cha mbele, ziliendeshwa na mvuto wa hewa wa injini kupitia mpira huo. Wiki mbili kabla, mama, aliyekuwa na kiduka cha mafuta ya taa, aliniomba kipande kirefu cha mpira wa kuvutia mafuta kutoka kwenye debe, maana wake ulikuwa mfupi na kila akivuta kwa mdomo aliyameza. Niliukata wa waipa, nikampa, na kishina nikakiziba kwa kipande cha gunzi. Sasa gunzi lilikuwa limekauka na kuanguka, nami nimeshinda asubuhi nzima nikiitesa kabureta isiyo na kosa.

Nilimwomba yule mama gunzi; alipukuchua hindi moja, akanikatia kwa panga. Hakuuliza ninakokwenda.

Nilifika makaburini nikakuta udongo umeshamwagiwa maji na watu wametawanyika. Shemeji yangu ndiye aliyeingia kaburini. Alinipa mkono wa pole, nikashindwa kumtazama usoni.

Nyumbani dada yangu alikuwa ameketi karibu na debe la mafuta. Mpira ulikuwa umening'inia msumarini, umefutwa safi.

"Tangu umletee huu hakumeza mafuta ya taa tena," alisema. "Kila mteja alionyeshwa. Alikuwa akisema, mwanangu ameukata garini mwake kwa ajili yangu."

Aliuchukua, akataka kunirudishia. Nilimwambia auache palepale.

Gari lile nilikaa nalo miaka mingine mingi. Gunzi likikauka nilikata jipya, na mvua ya Kisii ikinyesha niliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.